Vipepeo wa Bluu wa Bonde la Msimbazi

Mtu akiniambia kwamba kipepeo ni kipepeo tu, humwomba kwanza akae chini. Wale wadogo wa bluu, wanaotoshana na ukucha wa kidole gumba, wanaoruka chini chini kama watu walioangusha kitu wakawa wanakitafuta, si kipepeo mmoja. Ni ukoo mzima, na wengi wanaodai kuwajua hawawajui. Nasema hivi bila haya kwa sababu nimewahi kubishana juu yao mbele ya watu, na kilichokuwa kikigombewa ni mchicha wa mama yangu.

Nilikuwa mwalimu mpya wa bayolojia. Tuliishi Kariakoo, mama na mimi, katika vyumba viwili vya kupanga. Baba alikuwa kuli bandarini mpaka alipofariki. Miaka ile kila mtu alitakiwa alime, hata sisi wa mjini, na mtaa wetu ulikuwa na vipande vyake katika bonde la Msimbazi. Mama alikuwa na matuta ya mchicha, na ukingoni palikuwa na ua wa mbaazi ambao baba aliupanda mwaka wake wa mwisho. Mchicha ndio ulionisomesha. Kila alfajiri mama aliukata, akaufunga mafungu, akaupeleka sokoni ungali na umande.

Kipande cha jirani kililimwa na mama mmoja wa Lindi, mchapakazi, mwenye ulimi mkali. Yeye alipanda kunde. Msimu ule akipasua ganda anakuta ndani kiwavi wa kijani, mnene, amekula punje zote na amelala juu ya uchafu wake. Akainua macho kumtafuta mchawi wake, akaona vipepeo wa bluu wakicheza juu ya mchicha wa mama. Akaenda moja kwa moja kwa balozi wetu wa nyumba kumi, seremala, mtu wa haki na mpole.

Sisi watu wa bondeni tulikuwa na makubaliano: zao linalozalisha wadudu linang'olewa lote na kuchomwa moto, siku ya msaragambo, wote tukishiriki, na mwenye shamba naye anashika jembe. Hakukuwa na chuki ndani yake. Msimu uliotangulia mama mwenyewe aling'oa nyanya za mzee mmoja, kisha akamsaidia kutifua upya.

"Shikamoo, balozi," nilimwambia. "Mchicha wa mama hauna hatia."

"Marahaba, Mwalimu. Lakini vipepeo tumewaona wote."

"Mmewaona wakiruka. Mimi nitawaonyesha wanakotoka. Nipe mpaka msaragambo."

Alikuna kidevu kwa penseli yake. "Ni wiki mbili hizo. Usipoonyesha, tunang'oa."

Nikashika njia ya nyumbani nikiwa na hakika kabisa. Nilitoa chemni za kandili zetu zote mbili nikazisimamisha juu ya visahani. Katika moja niliweka viwavi kutoka kwenye kunde za jirani, pamoja na maganda mabichi ya kula. Katika nyingine niliweka viwavi niliowabandua chini ya majani ya mchicha wetu, pamoja na mchicha. Juu nilifunga vipande vya kaniki kuukuu.

"Sasa tutakula gizani kwa ajili ya funza," mama alisema.

"Tutakula kwa kibatari, mama."

"Kibatari kinanuka."

"Hata funza wananuka."

Alicheka, lakini kila aliporudi sokoni aliinama kwanza kwenye chemni kabla ya kuvua ndala. Alikuwa na hofu, nami niliiona.

Yule wa mchicha ni kiwavi mdogo, bapa, kama konokono aliyepoteza nyumba. Hali jani lote. Hukwangua upande wa chini na kuacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Sisimizi humfuata wakimlamba mgongo kwa sababu hutoa utomvu mtamu. Yule wa kunde ana tabia nyingine. Mama yake hutaga yai kwenye ua la kunde, na akianguliwa anajichimbia ndani na kula punje kwa siri. Wote wawili waligeuka pupa, wakatulia, na mimi nikaenda kufundisha nikiwa na moyo mweupe.

Siku chache kabla ya msaragambo wakaanza kutoka. Wa mchicha alikuwa yule mdogo wa kuruka chini, bluu kwa juu, kijivu chenye madoa kwa chini, bila mkia. Wataalamu humwita *Zizeeria knysna*. Wa kunde alikuwa mkubwa zaidi, wa zambarau, tumbo la bawa lina mistari ya mawimbi, na nyuma ana mikia miwili myembamba kama uzi, na pembeni ya kila mkia madoa meusi kama macho. Huyo ni *Lampides boeticus*. Akitua huichezesha ile mikia, mjusi anadhani ndicho kichwa, anang'ata uzi na kipepeo anaondoka zake.

Nilishangilia peke yangu. Kisha, kwa kuwa mimi si mtu wa kuishia nusu, nilishuka bondeni nikapasua maganda mengine ya jamii ya kunde. Katika mbaazi za baba nikamkuta kiwavi yule yule, mnene, amelala.

Nilimwambia mama jioni ile ile. Alikuwa anafunga mchicha, hakuacha kufunga.

"Hawajui?"

"Hawajui."

"Na wakikuuliza?"

"Nitasema."

Alikaza kamba ya mgomba mpaka ikakatika, akachukua nyingine. "Basi sema vizuri. Usigugumize."

Siku ya msaragambo niliziweka chemni juu ya ndoo iliyofunikwa, watu wakazizunguka. Jirani alipinga kwanza. "Huyu wa mchicha mbona mwingine ni kahawia? Umechanganya."

"Huyo ni jike," nikasema. "Bluu ni dume. Hata jogoo na tetea hawafanani, na huwaiti ndege wa aina mbili."

Watu walicheka, naye akacheka kidogo. Akainama akatazama mikia kwa muda mrefu. Alikuwa mkulima, na alipoona tofauti aliikubali. "Ni kweli," alimwambia balozi. "Huyu wangu si yule wa kule." Balozi akatamka kwamba mchicha haung'olewi. Mama alikaa chini palepale, kwenye tope.

Kisha jirani akaniuliza, bila ubaya wowote, swali ambalo mkulima yeyote mwenye akili angeliuliza. "Huyu mwenye mikia, Mwalimu, zaidi ya kunde anakula nini?"

"Choroko," nikasema. "Na mbaazi. Hata hizi zetu anazo, nimezipasua."

Shingo zote ziligeuka kwenye ua wa mama. Waliufahamu ule ua na waliufahamu mkono ulioupanda. Mama alisimama, akapangusa tope, akamwomba balozi panga. Aliyapitia matawi kwanza, akachuma maganda mazima akiyatia kwenye upande wa khanga, na yenye tundu akayaacha. Baadaye akakata, shina kwa shina, na alipochoka jirani alilipokea panga akamalizia. Moto uliwashwa na jirani huyo huyo, akang'oa na kunde zake akazitupia humo.

Asubuhi yake mama alipika mbaazi kwa nazi nzito. Bakuli la kwanza alilipeleka kwa mama wa Lindi, la pili akaniwekea mimi.

"Ulisema vizuri," aliniambia.

Zilikuwa mbaazi za mwisho za baba. Nilizila zote machozi yakinitoka, na nikaramba bakuli.