Mnazi Wangu Ndani ya Hifadhi

Majina ninayo yote, ya watu na ya mahali, toka waliokufa sijazaliwa mpaka watoto waliozaliwa Ramadhani iliyopita. Mjukuu wangu, ambaye ndiye anayenisahihishia maandishi, amesema katika habari hii nisitaje hata moja la mtu, kwa kuwa ilifika ofisini na wenyewe bado wako kazini. Nimekubali. Nitasema mjukuu, nitasema ofisa, nitasema jirani. Anayetujua atatujua.

Mjukuu mwenyewe ni binti wa binti yangu wa tatu. Anakaa mjini, mtaa wa Ufukoni, na kazi yake ni kupiga picha za harusi. Mwanzo alipiga kwa kamera ya mkononi kama wenziwe, na wenziwe ni wengi. Ukienda mtaa wa Chikongola utawakuta kila baada ya milango miwili. Kisha akapata droni, kile kindege cha mapanga manne kinachopiga picha kikiwa juu, na tangu hapo harusi zikawa zinamtafuta yeye. Watu wanapenda kuona shughuli yao kutoka juu. Mimi nilionyeshwa moja. Niliona turubai, masufuria ya pilau na vichwa vya watu. Nikasema imependeza.

Ilikuwa wakati mikorosho inatoa maua. Mjukuu alikuja kunisalimia kijijini, akaja na droni yake kwenye boksi kwa sababu haiachi nyuma. Kwetu ni ukishapita Mahurunga, kule mto unakokwenda kumwaga baharini. Shamba langu linaishia pale mikoko inapoanza, na katikati ya mikoko kuna jiwe lililopakwa rangi. Mbele ya jiwe ni hifadhi. Jiwe lile linawekwa, mimi nilikuwa nimeshaitwa bibi.

Sasa, huko ndani ya hifadhi ndiko nilikozaliwa. Palikuwa na kichuguu cha mchanga katikati ya mikoko, nyumba sita na kisima. Tulihama wakati ule watu wote walipoambiwa wahamie vijijini. Nyumba sita tulizimaliza kuzibomoa kwa siku mbili. Lakini kila mtoto aliyezaliwa pale, kitovu chake kilipokatika kilizikwa na juu yake ukapandwa mnazi. Wangu ulikuwa wa tatu kutoka kisimani. Kwa miaka mingi nilikwenda kuutazama maji ya bahari yakitoka kwenye mikoko, hata baada ya jiwe kuwekwa, na hakuna mtu aliyenizuia. Magoti ndiyo yaliyonizuia.

Basi nikamwambia mjukuu, "Mke mwenzangu, hicho kindege chako kinaweza kufika kwenye mnazi wangu?" Namwita mke mwenzangu kwa kuwa babu yake alikuwa mume wangu, na huo ndio utani wetu tangu anaota meno.

Akasema kufika kitafika, lakini hifadhini hairushwi droni bila kibali. Nikamwuliza nani anayeingia hifadhini. Yeye atasimama shambani kwangu, chini ya mkorosho wangu, hata kidole cha mguu hakitavuka jiwe. Akasema sheria haiangalii miguu tu. Nikasema haya, basi nitakufa sijauona.

Maneno hayo niliyasema kwa makusudi.

Akairusha. Makopa yangu ya muhogo yalikuwa yameanikwa kwenye mkeka, na kuku walikuwa wanayanyemelea. Ile droni iliponguruma kuku wote wakaingia chini ya kichanja, wakijua ni mwewe. Mjukuu akashika simu yake, na kwenye simu ikawa inaonekana mikoko kutoka juu. Kusema kweli sikuona kitu. Jua lilikuwa linapiga kwenye kioo na macho yangu yana ukungu. Niliona kijani tu, kama kisamvu kilichotwangwa. Lakini kila aliponiuliza kama tumefika, nikamwambia endelea kidogo. Akaendelea. Endelea kidogo tena. Mwisho akasema chaji inakwisha, akairudisha, na mnazi sikuuona.

Alikuwa bado hajafunga boksi pikipiki mbili zilipofika, askari wawili wa hifadhi na mwanajeshi mmoja kutoka kwenye kituo cha mtoni. Ng'ambo ni Msumbiji, na siku hizi kitu kikiruka karibu na mto watu hawakitazami tu. Walinipa shikamoo wote watatu, tena kwa zamu. Kisha wakachukua droni, wakampa mjukuu karatasi, wakamwambia afike ofisini keshokutwa.

Mjukuu alikaa kwenye mkeka pembeni ya makopa. Alikuwa na harusi tatu mbele yake, na wenye harusi wote watatu walimchukua yeye kwa sababu ya ile droni. Bila hiyo alikuwa anarudi kuwa mmoja wa wale wa kila mlango. Na akiandikwa kosa, alisema, kibali kingine hatapata, hata cha kurusha juu ya turubai.

Jioni jirani yangu alipita kuchukua moto. Huyo tulichezwa unyago pamoja, kwa hiyo hana haya na mimi.

"Nasikia mnafuga mwewe siku hizi," akasema.

"Tunafuga."

"Yuko wapi nimwone?"

"Ametaga ofisini. Tunakwenda kumchukua keshokutwa."

Akacheka mpaka moto wake ukazimika, ikabidi achukue mwingine.

Siku ya kwenda, tulipanda bodaboda mbili, na kabla ya kupanda mjukuu alinifundisha. Droni yake ilikuwa imesajiliwa, cheti anacho, hapo hana wasiwasi. Askari waliiona ikiruka, lakini kwa mbali. Hakuna anayeweza kuapa kwamba ilivuka jiwe. Ile alama ya mahali inayojiandika kwenye picha alikuwa ameizima tangu zamani. Zilizobaki ni picha zenyewe, na mikoko kutoka juu ni mikoko. Atasema ni ile mikoko ya upande wetu wa jiwe. Mimi nikae kimya, na nikiulizwa niseme ni shambani kwetu. Niliona huo si uongo mkubwa, maana ni kwetu kweli.

Ofisa alikuwa kijana wa bara, mtaratibu, ana msalaba mdogo shingoni. Alinitafutia kiti chenye mto. Akaanza kutueleza mambo ya droni, na alieleza vizuri, kama mwalimu ambaye hajachoka. Kumbe kusajili hakutoshi. Kuna wakubwa wa mambo ya anga, nao wana kibali chao. Kuna watu wa ulinzi, nao wana chao. Na ukitaka juu ya hifadhi, hifadhi yenyewe nayo inaombwa, kwa maandishi, useme siku gani, saa ngapi na kwa sababu gani. Karibu na mpaka wa nchi ndiyo zaidi. Mambo ya ndege wa majini wanaotaga na kasa wanaopanda mchangani aliyaeleza pia. Hao wakisikia mngurumo huacha mayai, kama kuku wangu walivyoacha makopa.

Mjukuu akasema yeye alikuwa amesimama shambani.

"Sikatai," ofisa akasema. "Miguu ilikuwa kwenu. Ndege ilikuwa kwetu."

Nilikaa nikalifikiria hilo. Ardhi nilijua tangu mtoto kwamba ina mwenyewe. Bahari ilipata mwenyewe nikiwa mtu mzima, nikaizoea. Kwamba na huku juu nako kuna mwenyewe nilikuwa naambiwa siku ile, na nilipotazama juu niliona feni tu.

Ofisa akafungua picha kwenye kompyuta. Mjukuu akasema, kama tulivyopatana, kwamba hiyo ni mikoko ya mwisho wa shamba. Ofisa akatazama, akapeleka mbele, akatazama. Niliona kwamba hajui. Kwake yeye nako kulikuwa kisamvu. Akaigeuza kompyuta upande wangu, akaniuliza kwa adabu kama hapo ndipo shambani kwangu.

Kioo cha kompyuta ni kikubwa, si kama cha simu, na mle chumbani hapakuwa na jua. Nikaona. Niliona mchanga mweupe, nikaona kisima kimekuwa kidogo kama kifungo cha shati, na minazi imejipanga vilevile. Wa kwanza ulikuwa umekatika kichwa. Wa pili haupo. Wa tatu ulikuwa umesimama, umeinamia kidogo upande wa mto, na una nazi.

"Wangu huu," nikasema.

"Upi, Bibi?"

"Huu wa tatu toka kisimani. Hapa ndipo nilipozaliwa."

Na sikuishia hapo. Kwetu huwezi kutaja mahali bila kutaja mtu. Nikamwonyesha kijito kile ni cha nani na alizama nani, nikamwonyesha zilipokuwa nyumba sita na waliolala ndani ya kila moja, wakubwa kwa wadogo, na ule mnazi uliokatika kichwa ni wa kitovu cha nani na huyo mtu alikwenda wapi. Ofisa akavuta karatasi akawa anaandika. Chini ya meza mjukuu alinikanyaga mguu. Nilidhani anataka nafasi, nikausogeza.

"Na jiwe letu la mpaka liko wapi hapa, Bibi?"

"Jiwe halimo humu," nikasema. "Jiwe liko nyuma sana. Kwa mguu, maji yakiwa yametoka, ni kama saa nzima."

Ofisa akaacha kuandika. Mjukuu akafunga zipu ya mkoba wake, polepole, mpaka mwisho. Hapo ndipo nilipojisikia nilivyosema.

Nikamwambia ofisa aniandike mimi. Mtoto alikataa kurusha, nikamlazimisha, nikamtishia kwa kifo changu. Ofisa akasema aliyeshika mtambo ndiye mrushaji.

"Na aliyemwambia endelea kidogo?"

Akafikiri. Akasema huyo sheria haijamwandika.

Mjukuu naye akasema kweli yake, kwamba alijua, na kwamba maneno ya mikoko ya mwisho wa shamba aliyatunga yeye. Ofisa akaandika na hayo. Akasema jambo litapelekwa kwa wakubwa zake mjini, na droni itabaki kabatini mpaka watakapojibu.

Wakubwa walikaa wiki tatu bila kujibu. Harusi mbili zikachukuliwa na wengine. Ya tatu bibi harusi alisema atangoja, lakini mama yake alisema hatangoja. Mjukuu hakunigombeza hata siku moja. Alinipigia simu kila Ijumaa kama kawaida, isipokuwa alianza na shikamoo Bibi, akauliza nimeamkaje, akauliza magoti, akaaga. Mke mwenza hakuniita. Hakuna mtu anayeweza kumshtaki mjukuu wake kwamba anamheshimu. Ilichukua mpaka korosho zikaanza kuokotwa ndipo akanitania tena, na hata hapo alianza kidogokidogo.

Tulipoitwa, ofisa alitusomea barua. Wakubwa wameona kwamba droni imesajiliwa, mrushaji amekiri, hajawahi kuandikwa kosa, na picha hazikuwa za kuuza wala za kituo cha mtoni. Anapewa onyo la maandishi. Akirudia, ni mahakamani. Droni anarudishiwa, ila picha zote za siku ile zifutwe mbele ya mwenyewe, na aliyetambua mahali aweke saini kwamba ameona zikifutwa.

"Zote?" mjukuu akauliza.

"Zote. Na hii." Alikuwa ameshaifungua, ule mnazi wangu umesimama katikati ya kioo. Akasema kama ingekuwa yake angenitolea kwenye karatasi nikatundike nyumbani, lakini picha iliyopigwa bila kibali haipati kibali kwa kutundikwa. Nikitaka kuuona, niandike barua, wakinijibu nitapelekwa na boti, na askari atanishika mkono kwenye tope. Nikitaka picha, mjukuu aandike barua yake, azungukie ofisi zote alizotajiwa. Na ikiwa sitaki zifutwe, basi jambo halijaisha, na droni irudi kabatini.

Mjukuu hakusema nifanye nini. Alitazama boksi lake, lililokuwa juu ya meza, kisha akanitazama. "Bibi, unasemaje?"

Nilimwomba ofisa aiache kwanza niitazame. Akaiacha, akainuka akajifanya anafunga dirisha. Nilitazama shina, nilitazama unavyoinama. Mama alisema uliinama tangu mdogo kwa sababu mbuzi aliukanyaga, na mbuzi huyo mwenyewe namjua alikuwa wa nani. Nazi nilihesabu kumi na moja. Huenda nyuma zilikuwepo nyingine.

"Futa," nikasema.

Akabonyeza. Mashine ikamwuliza kama kweli anataka kufuta, akabonyeza tena. Akaenda kwenye inayofuata, na inayofuata, na zote zilizobaki zilikuwa kijani tu. Kisha akanipa kalamu. Alikuwa ameshatayarisha na kidau cha wino wa dole gumba, hicho nikamrudishia. Niliandika jina langu, la baba na la babu, na mstari haukutosha, akaniruhusu kushukia chini.

Mjukuu akafungua boksi, akaigeuza droni upande huu na huu, akahesabu mapanga. Akasema iko sawa. Palikuwa na harusi siku ya Jumamosi, si mojawapo ya zile tatu, nyingine, ya watu wa mbali ambao hawakuwa na habari zetu.

Ofisa akaniuliza kama nina swali. Nikamwuliza zile nazi, kwa kuwa sasa ziko hifadhini, anaziangua nani.

"Hazianguliwi, Bibi. Zinaanguka zenyewe."

Nikasema nimeelewa. Mjukuu akakumbatia boksi lake kwa mikono miwili, akanisubiri mlangoni mpaka nikavaa viatu.