Nguzo ya Mzee Kurihara

Mzee Kurihara wa mji wa Kiryu alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, mpole kwa kila kitu isipokuwa friji. Alishikilia kwamba likinguruma tu, umeme wa nyumba nzima unachafuka na muziki unatoka kwenye spika ukiwa na mikwaruzo. Kwa hiyo kila alasiri, kabla hajaweka santuri, alipita akizima friji, jiko la wali, hata ile meza ya joto tunayoingiza miguu chini yake wakati wa baridi. Mkewe, Fusae, alibaki jikoni amevaa koti, anamenya figili.

Mimi ndiye niliyekuwa fundi wake wa umeme. Nilimbadilishia nyaya za ukutani, nikamtengea laini ya peke yake kwa ajili ya mitambo yake ya muziki. Kila mara alisikiliza, akafumba macho, akasema, "Bado, fundi. Kuna vumbi."

Mwishowe akataka kile wanachotaka wote wenye ugonjwa huo wa kusaka sauti safi: nguzo yake mwenyewe uani, na transfoma yake juu, asichangie umeme na jirani yeyote.

"Mzee, hiyo ni bei ya gari," nilimwambia.

"Gari niende nalo wapi? Nguzo ikisimama, friji lingurume litakavyo. Fusae atakaa humu na mimi, miguu kwenye joto, tusikilize wote. Nimemwahidi."

Pesa na vibali vilichukua miaka mitatu. Siku moja nilikwenda kupima uwanja, nikabonyeza kengele mara nne huku namwona mama Fusae kupitia kioo, hatua tatu tu kutoka mlangoni. Alipogeuka akaniona, alicheka.

"Masikio yangu yamechoka, fundi. Yanazidi kuziba kila mwezi. Usimwambie, ataiacha nguzo yake."

Sikumwambia. Nilijidai natunza siri ya mtu, kumbe naitaka ile kazi. Hata vipimo vyangu havikuonyesha tofauti ya maana, na hilo nalo nikalimeza. Ningefungua mdomo, mzee angemwita mkewe aketi naye jioni ileile, na umeme mchafu hivyohivyo. Najuta.

Nguzo ilisimama mwezi wa pili. Mzee akanilazimisha nikae nishuhudie. Friji lilikuwa linanguruma jikoni, meza ina joto, na Fusae ameshikwa mkono akakalishwa kwenye kiti cha katikati, ambacho miaka yote hakuwahi kukikalia. Mzee akashusha sindano. Fidla moja, polepole, laini. Hata mimi nisiyejua muziki nilisisimka.

Mzee hakutazama spika. Alimtazama mkewe.

Fusae alikaa wima, mikono mapajani, anatabasamu na kungoja. Wimbo ulikaribia nusu. Ndipo akamgeukia mumewe.

"Haya, anza basi," alisema. "Mimi niko tayari."