Suruali za Mume wa Fundi

Shangazi alikata uzi kwa meno. Mkasi ulining'inia shingoni mwake kwa utepe, kutwa ukimgonga kifuani, naye akainama na kung'ata uzi kana kwamba mkasi ule ni wa mtu mwingine. Alipong'oka jino la mbele, alihamia la pembeni. Kila tulipomsema, alijibu kwamba mkasi unachelewesha kazi.

Niliishi kwake miaka niliyokuwa chuoni. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa duka: cherehani dirishani, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa. Mumewe alikuwa fundi rangi, mtu mkubwa, tumbo likimtangulia mlangoni, hata mtaani wakamwita Tipa. Hakuwahi kumiliki mkanda. Suruali zake zote alishonewa na mkewe, zikamkaa kiunoni barabara.

"Mkanda ni wa mwanamume aliyeoa mwanamke asiyejua kushona," Shangazi aliwaambia wateja, na Tipa alikuwa akijigeuza geuza waone.

Kisha moyo wake ukaanza kumsumbua. Akipanda ngazi na kopo la rangi, pumzi inamwishia katikati. Daktari wa zahanati alimwambia bila kumung'unya maneno: upunguze mwili, la sivyo moyo utakushinda. Habari za chakula akaachiwa nesi, msichana mwembamba mwenye kicheko cha karibu. Tipa aliporudi nyumbani hakuwa na neno jingine.

"Nesi kasema niache soda na mikate ya siagi. Njaa ikinibana kazini, nile karanga, korosho au lozi. Zisiwe za chumvi wala za kukaangwa kwa mafuta. Kiganja kimoja tu."

"Karanga!" Shangazi akacheka. "Mtu mnene anapunguzwa kwa mafuta? Huyo nesi wa watu au wa ng'ombe?"

"Kasema mafuta yake hayaudhi moyo, na zinashibisha. Ila ukizidisha unanenepa."

"Kiganja cha nani?"

"Eh?"

"Hicho cha kupimia. Chako au chake?"

Tipa hakuwa mtu wa hila. "Chake. Changu alisema ni sepetu. Alizimimina kwenye chake, halafu akanihamishia."

Shangazi akang'ata uzi ambao mshono wake haukuwa umefika mwisho.

Tangu siku hiyo nesi akawa Bibi Kiganja. Tipa akijipulizia manukato: "Unakwenda kwa Bibi Kiganja?" Akichelewa kazini: "Bibi Kiganja hajambo?" Yeye alicheka tu, akafunga korosho zake kwenye karatasi na kwenda zake. Na mwili ukaanza kupungua. Shingo ilijitokeza. Hatua zikawa nyepesi. Wateja wa kike waliokuja kupimwa magauni walimsifu mbele ya mkewe: "Shemeji, unarudi ujanani!" Shangazi alitabasamu, pini zikiwa mdomoni.

Siku moja Tipa alimletea suruali ampunguzie kiuno. Alipoondoka, Shangazi alikaa nayo mapajani bila kuwasha cherehani. "Naambiwa nimchonge," alisema, "nikimaliza, nimkabidhi mwenye kiganja."

Aliipunguza suruali ile. Aliipunguza kupita kiasi, makusudi, na zile nyingine zote vivyo hivyo, mchana mumewe akiwa kazini. Kila Tipa alipopungua kidogo, mshono ulimfuata nyuma. Akiba ya kitambaa, ile ambayo fundi huacha ndani ili nguo iweze kupanuliwa baadaye, aliikunja ndani kwa ndani isionekane.

Mume wa fundi hakuwa na mkanda wa kumwonyesha tundu la pili wala la tatu. Alichokuwa nacho ni kiuno cha suruali, nacho kilimbana asubuhi kama kilivyombana jana. Watu wakimwambia amepungua, alitikisa kichwa. "Wananifariji. Uso ndio unaokwisha, tumbo liko pale pale." Zahanati walikuwa wamempa tarehe ya mbali ya kurudi, kwa hiyo mizani haikuwepo ya kumbishia.

Mwishowe aliweka karatasi ya korosho juu ya meza ya kukatia. "Ulisema kweli, mama. Karanga ni mafuta. Yule binti kanidanganya."

Shangazi aliimba siku nzima. Alikuwa ameshinda.

Lakini Tipa hakuishia kwenye karanga. Daktari alikuwa amemtisha, na suruali ilikuwa ikimtisha zaidi. Aliacha chakula cha asubuhi, kisha cha mchana, akapanda ngazi kwa chai ya rangi. Shangazi alimsihi ale, akamsukumia sahani, yeye aliirudisha. "Unataka nife, mama? Huoni tumbo hili?" Akiwa anapaka rangi ukuta wa shule, kizunguzungu kilimwangusha.

Tulimkuta zahanati amelazwa, mkono umefungwa, midomo mikavu. Daktari alisema amepungua kuliko mtu mwenye afya anavyopungua, moyo unadunda ovyo, na lazima ale. Tipa akabisha, kichwa kikiwa juu ya mto. "Mizani yenu mbovu. Suruali yangu haijalegea hata kidogo. Sili mpaka ilegee."

Shangazi alinitazama, akamtazama yule nesi pale mlangoni, kisha akakunjua kiuno cha ile suruali aliyovaa mumewe, palepale mbele ya watu. Ndani palikuwa na mashimo ya sindano, safu baada ya safu, ya mishono iliyofumuliwa na kushonwa tena.

"Nimeibana mimi," alisema. "Zote."

"Kwa nini?" Tipa akauliza.

Shangazi akaelekeza kidevu kwa nesi.

Nesi akasogea kitandani. "Mimi, mama? Kwa zile korosho?" Akanyoosha kiganja, kimekauka kwa sabuni ya kunawia. "Wote wanaokuja hapa nawapimia kwa hiki. Hatuna kikombe."

Tipa aliomba korosho, akazitafuna moja moja, uso ukutani.

Alipona. Alirudia kiganja chake kimoja kwa siku, akapungua taratibu, akapanda ngazi bila kutweta. Hakumgombeza mkewe wala hakumkumbusha. Ila alinunua mkanda, na suruali zake akampelekea fundi mwingine, mzee wa kona ya soko. Kila asubuhi alipita mbele ya cherehani ya mkewe akiwa amevaa kazi ya mkono mwingine. Shangazi alimsahau nesi kabisa. Wivu haufi, huhama nyumba tu.

Miaka ilipita, figo zikamlaza Shangazi. Nilipokwenda kumwona, mumewe alikuwa kando ya kitanda, akimfuta uso kwa kitambaa cha maji ya moto. Alipotoka kwenda kubadilisha maji, Shangazi alinishika kifundo cha mkono na kunivuta karibu na mdomo wake.

"Umemwona nyuma, mwanangu? Mshono umekwenda upande. Yule mzee hajui suruali. Usimwambie."