Chai Nyekundu ya Mama Careen

Ukitaka kumuudhi Mama Careen wa mtaa wa Msamala, Songea, mwambie chai yake nyepesi. Thubutu! Hutamaliza kikombe. Atakunyang'anya, ataimwaga uani, kisha atakuuliza kama kwenu mmezoea maji ya kuoshea vyombo. Anauza chai na maandazi kibarazani kwake tangu mumewe afariki, na mafundi, walimu na vijana wa bodaboda wote wanamjua: majani yanachemka tangu alfajiri, tangawizi imepondwa humo humo, mpaka chai inakuwa nyekundu ya kukaribia weusi. "Chai nyekundu ni damu," husema akimimina. "Nyie mnakunywa maji ya rangi, halafu mnashangaa kwa nini magoti hayana nguvu."

Jina lake la ubatizo ni Kunegunda, lakini hata padri humwita Mama Careen, kwa jina la binti yake wa kwanza. Careen hayupo. Alifia kwenye uzazi. Alitokwa na damu, na damu yenyewe alikuwa nayo kidogo tangu mwanzo, na mtoto naye hakulia. Siku za mwisho za mimba ile hakutaka kitu kingine. "Mama, nipe chai yako, ndiyo inanitia nguvu," alikuwa akisema, na mama yake alimpa, kikombe juu ya kikombe. Walipomzika, watu wa Msamala waliendelea kumwita mama yule kwa jina la marehemu, na yeye akaendelea kuitika. Wewe jaribu kuitwa kwa jina la mwanao aliye kaburini kila asubuhi, na mtu anayetaka maandazi tu, ndipo uje uniambie.

Mwanawe wa pili, Sixbert, alioa msichana wa Hanga anayeitwa Devota. Msimu wa korosho ulipoanza Sixbert alikwenda Tunduru kutafuta kazi, akamwacha mkewe kwa mama akiwa na mimba inayoanza kuonekana. Basi nyumba ikabaki na wanawake wawili na chungu kimoja.

Kliniki walimpima Devota, wakakuta damu saba, na mjamzito anatakiwa awe na kumi na moja au zaidi. Nesi aliyempima, dada mmoja wa Tunduru jina lake Subira, hakuzungusha maneno. Alisema damu hiyo ni ndogo, na kwamba isipopanda, hata ile anayotokwa mzazi yeyote inaweza kumwondoa duniani. Akampa vidonge vya madini ya chuma, akamwambia ale mboga za majani, maharage, dagaa, na nyama au maini kila yakipatikana. Devota alirudi nyumbani akamweleza mkwewe neno kwa neno.

Mama Careen alikuwa anakanda unga. Aliacha mikono ndani ya beseni, akakaa hivyo mpaka Devota akaogopa.

"Mama?"

"Huyu hafi," alisema Mama Careen, na hakuwa akisema na Devota, bali na Mungu. "Nimekupa mmoja. Huyu hafi mikononi mwangu."

Tangu hapo, jamani, mwanamke yule alipika. Kisamvu alikitwanga mwenyewe, akakiunga na karanga. Alituma ujumbe kwao Mpitimbi, dada zake wakamletea likolo, mboga za majani za kila namna, mafungu kwa mafungu. Maharage hayakukauka jikoni. Dagaa wa Nyasa aliwatia kwenye kila mchuzi, na akiuza vizuri alikwenda buchani kabla kina mama wengine hawajaamka, akarudi na maini. Devota alikula huku mkwewe amesimama mbele yake, mikono kiunoni. Na kando ya sahani kilikuwepo kikombe. Ugali na chai, maharage na chai, maini na chai, ile nyekundu. Vidonge navyo vilikuwa vinamtia Devota kichefuchefu akivimeza kwa maji, ndipo Mama Careen akapata dawa yake: "Shushia na chai ya tangawizi, mwanangu. Havitarudi." Na kweli, havikurudi.

Mwezi ulipita wakapima tena. Damu ilikuwa imeshuka chini ya saba.

Hapo Mama Careen akapandwa na hasira. Mwenye hofu akikosa wa kumlaumu, humlaumu aliye karibu. Hakulala vizuri, akaamka na jawabu lake: binti huyu hali. Anamwaga chakula. Vidonge anatupa chooni. Si wasichana wa siku hizi hawa, wanaogopa kunenepa? Asubuhi alimsubiri Devota mlangoni pa choo, mbele ya wateja, Mungu amsamehe.

"Niambie ukweli. Vidonge unavipeleka wapi?"

"Nameza, mama. Wewe mwenyewe unaniona."

"Nakuona ukitia mdomoni. Ukitema je? Maini nayo unampa nani? Mimi najinyima, mimi natwanga mpaka viganja vinachubuka, wewe unanirudishia damu kidogo kama ya kuku! Unataka nikuzike na wewe?"

 Devota alilia, akaegemea ukuta maana kizunguzungu kilikuwa kimemshika. Fundi mmoja aliweka kikombe chini akaondoka. Mama Careen aliuona weupe wa midomo ya yule binti, akashusha sauti, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Twende kliniki wote wawili," alisema mwishowe. "Leo nitasikia kwa masikio yangu."

Kliniki walikaa kwenye benchi bila kutazamana. Walipoingia, Subira alimwamkia mama, "Shikamoo," akaitikiwa marahaba ya haraka. Nesi alisoma majibu, akatikisa kichwa, akasema wasisubiri muujiza: watafute ndugu wa kuchangia damu, ili siku ya kujifungua iwepo.

"Nimtafute nani, nami nipo?" Mama Careen alikwisha kukunja mkono wa gauni. "Chukua. Chukua hata yote. Mimi sijawahi kuugua, nabeba ndoo ya maji kichwani na kuni mkononi."

Subira alitabasamu, akamtoboa kidole. Alipoona majibu hakutabasamu tena. Akarudia kupima.

"Mama, siwezi kukutoa damu."

"Kwa nini? Nimezeeka?"

"Wewe mwenyewe huna. Una tisa. Ungekuwa mgonjwa wangu ningekuandikia vidonge sasa hivi."

Mama Careen alicheka, kicheko cha mtu aliyeambiwa ana mkia. Hakuna aliyecheka naye. Subira aliwatazama mmoja baada ya mwingine, mkwe na mkamwana.

"Mnakula chungu kimoja?"

"Kimoja," alisema Mama Careen, na hapo akapata nguvu, akaeleza yote kwa fahari: kisamvu, likolo, maharage, dagaa, maini. Nani Songea nzima analisha mkwe wake hivyo?

"Chakula ni sahihi kabisa, mama. Wala sina la kuongeza. Mnashushia na nini?"

"Chai. Chai yangu mwenyewe, iliyoiva vizuri."

"Na vidonge?"

"Kwa chai hiyo hiyo. Maji yanamtapisha."

Subira aliweka kalamu mezani. Alisema taratibu, kama anavyosema mtu na mkubwa wake. "Mama, chai inayakamata yale madini ya chuma ya kwenye chakula, hasa ya mboga na maharage, hayaingii mwilini. Na ikichemshwa ikawa kali ndiyo inakamata zaidi. Vidonge navyo ni hivyo hivyo. Rangi nyekundu ni rangi tu, si damu. Unampa kwa mkono huu, unamnyang'anya kwa mkono ule, na wewe mwenyewe unajinyang'anya. Chai muiache mpaka chakula kitulie, saa nzima au mbili. Kwenye chakula kamulieni ndimu, au mle chungwa, embe, hizo zinayasaidia madini ya chuma kuingia. Vidonge ameze kwa maji ya ndimu."

Devota alishusha pumzi. Angeweza kumtazama mkwewe kwa jicho la 'umeona sasa?', na nani angemlaumu? Hakumtazama. Mama Careen naye alikuwa amekaa wima, kidole kilichotobolewa amekishika kwa mkono mwingine.

"Nilikuwa na mtoto mwingine," alisema. "Naye alikuwa na damu kidogo. Naye nilimpa chai."

Subira alimgeukia. "Mama, sikumpima mimi, siwezi kujua. Chai peke yake haiui mtu. Yako mengi."

"Lakini ilizuia."

"Inawezekana ilizuia."

Njiani Mama Careen alisimama kando ya barabara, bodaboda zikipita. "Nisamehe, Devota. Nilikuita mwongo mbele za watu, kumbe mwongo lilikuwa birika langu." Devota alisema yameisha, mama. Hayakuisha, ila ndivyo mkwe anavyojibiwa.

Miezi iliyobaki Mama Careen alipika kama kwanza, ndimu zikiwa bakuli zima mezani, na chai ikakaa kibarazani kwa wateja. Hata wao walianza kukatazwa: "Umekula maharage sasa hivi? Basi kaa, nitakupa baadaye." Wengine walimwona amechanganyikiwa. Damu ya Devota ilipanda, lakini polepole mno, ikafika tisa, ikagoma hapo, na kila alipopimwa mkwewe alishika rozari mpaka ushanga ukaloa jasho. Sixbert aliitwa kutoka Tunduru akaja kuchangia damu yake. Siku ya kujifungua Devota alitokwa na damu, si kidogo. Ile ya mumewe ilimwingia yote. Mama Careen aliyasikiliza yote kutoka nje, hakula, hakunywa.

Devota hakufa. Mtoto alilia, msichana, sauti ya kugombana.

Kesho yake Mama Careen alikuja wodini na ugali na maini. Jirani yao, Mama Otto, alikuwa amemtangulia na chupa ya chai, ile ile ya kibarazani kwa Mama Careen, amemimina kikombe tayari. Devota alikuwa mweupe bado, amelala na mwanawe kifuani. Alisikia harufu ya tangawizi, akafumbua macho.

"Mama, nipe chai yako," alisema. "Ndiyo itanitia nguvu."

Mama Careen alikichukua kikombe kabla Mama Otto hajakifikisha. Akakishika kwa mikono miwili. Naye hakukiweka chini.

"Kula kwanza," alisema. "Kula yote. Chai itakusubiri."

"Mama, mbona unalia? Si tuko wazima wote?"

"Wazima, mwanangu. Ni vile umeiomba. Mwenzio aliiomba kwa maneno hayo hayo." Akakaa ukingoni mwa kitanda, kikombe mikononi. "Yeye nilimpa."