Dobi Aliyerudi Harusini

Mjomba wangu ni mtu wa maneno machache, na hayo machache ameyaweka kwa ajili ya kunikosoa mimi. Saluni yangu na kibanda chake cha kutengeneza pasi na redio vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo kila ninachosema anakisikia, na akiona nimepotoka anaguna. Wateja wamezoea. Nikimwambia binti kwamba mtindo umempendeza na mguno ukatoka ukutani, binti anaomba kioo.

Kwenye kidole cha mwisho anavaa pete ya kike yenye jiwe jekundu la bandia, kubwa kama punje ya mahindi. Imekwama katikati ya kidole, haipandi wala haishuki, tangu mkewe alipofariki miaka minne iliyopita. Mkewe alikuwa mkata tiketi wa sinema, na mji mzima ulimwita Tiketi mpaka uzeeni, mpaka siku ya mazishi. Mjomba alikuwa fundi wa mashine katika sinema hiyohiyo, ambayo siku hizi ni duka la magodoro. Miaka ishirini na sita alikaa katika chumba cha juu, nyuma ya viti vya mwisho, akirusha picha kupitia kidirisha kisichozidi ukubwa wa sinia. Ukimuuliza habari za siku hizo atakueleza juu ya joto na kelele. Habari za filamu zenyewe hagusi.

Hilo lilinikera sana, maana mimi ni katibu wa chama cha wapenzi wa Bi Macho.

Bi Macho ni jina tulilompa sisi. Alicheza filamu kumi na tisa, na wapo wasanii wengi waliomzidi sura na kiuno. Lakini akimtazama mtu kwenye picha, wewe uliyekaa kiti cha nyuma kabisa unajishika kifua. Kila Jumamosi mchana tunakutana saluni kwangu kubishana ni wapi alicheza vizuri kuliko kote. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara anashikilia mama mkwe aliyejifanya kiziwi ili asikie siri za nyumba. Akianza kumwigiza, kiganja sikioni, "Eee? Umesema chumvi?", hata mteja aliyepakwa dawa ya nywele anasahau inavyomwasha. Mimi ni wa yule mwalimu mkali anayejifungia stoo alie, kisha anarudi darasani uso mkavu. Mwenyekiti wetu, nesi mstaafu, hataki kusikia mengine. Kwake ni Dobi, basi, na anayebisha ataje siku aliyozaliwa, tujue kama aliiona.

Kusema kweli karibu mji mzima ni wa Dobi. Ni hadithi ya mjane anayefua nguo za watu mpaka vidole vinachubuka ili bintiye asome. Binti anasoma, anachumbiwa na watu wenye nafasi, anaanza kumwonea mama yake haya. Dobi anaugua, anakufa peke yake kando ya beseni, na binti anakuja wakati maji yameshapoa. Anapiga magoti na kumalizia kufua shati lililobaki. Halafu inakuja harusi ya binti. Mlango unafunguliwa na nani anaingia? Dobi mwenyewe, mzima, amevaa gauni la buluu. Binti anamkimbilia, anamwomba msamaha mbele ya wakwe, na mama na mwana wanacheza mpaka picha inazimika.

Mimi sikuwahi kuiona, maana ilipita mjini kwetu nikiwa bado nabebwa mgongoni. Lakini nimekua naisikia. Kwetu mtu akifiwa, tunamshika mkono na kumwambia, "Hata Dobi alirudi." Wageni walioiona kwingine walikuwa wakibisha kwamba Dobi harudi, akifa amekufa. Tuliwacheka. Kwenu walikata kipande, tuliwaambia.

Mwaka huu Bi Macho ametimiza miaka themanini. Tukaamua kumfanyia sherehe, yeye yuko mbali na wala hajui kwamba tupo, lakini mapenzi hayaombi ruhusa. Kila mtu aje amevaa kama mmoja wa watu aliowaigiza. Na mimi katibu, miezi mitatu nikiandika barua na kupiga simu, nikaipata Dobi kutoka kwa watu wanaosafisha filamu za zamani. Waliniletea mafaili sita, moja kwa kila kopo la mkanda wa zamani. Nilipiga yowe, mteja akaruka na rola zake kichwani.

Ukutani hakukutoka mguno. Kilichosikika ni pasi kuanguka sakafuni.

"Onyesheni Mwalimu," Mjomba akasema kupitia mbao.

"Tumeshapiga kura, Mjomba."

"Basi mama mkwe. Watu wacheke."

Wiki mbili akanifuata na maneno hayo. Mtu ambaye kwa mwaka mzima haniombi hata chumvi! Nikadhani ni uzee, nikadhani ni kijicho. Alhamisi, siku mbili kabla ya sherehe, nikafunga saluni mchana, nikaingia kibandani kwake, nikakalia redio mbovu.

"Leo hutoki bila kusema. Dobi amekukosea nini?"

Alizima mashine ya kuchomelea. Akaizungusha ile pete, akaanza kusema huku anaiangalia meza.

"Ile filamu ilikuja kwa makopo sita. Mashine tulikuwa na moja tu. Mkanda ukiisha nawasha taa, nabadilisha. Siku ya kwanza Tiketi akaniletea chai, na sinia hakuna. Akavua vifuniko vya makopo mawili, akavifanya sinia, kimoja chake kimoja changu. Tulipomaliza akavirudisha. Namba zilikuwa kwenye vifuniko."

"Akavibadilisha."

"Tano ikawa sita, sita ikawa tano."

"Na wewe fundi mzima ulikuwa unatazama wapi?"

"Nilikuwa namtazama yeye," akasema, na masikio yakamwiva.

Nikapanga makopo kichwani. Harusi ilikuwa kwenye la tano. Kifo kilikuwa kwenye la sita.

"Kwa hiyo Dobi..."

"Anacheza harusini, binti anaondoka na mumewe, mama anaugua, anakufa. Ndiyo mwisho. Hajawahi kurudi, mama yangu. Mimi niligundua lilipotokea lile neno MWISHO na kopo moja bado liko mezani. Niliganda. Tiketi ndiye aliyeruka akaweka mkono kwenye kidirisha kuliziba lile neno, akaniambia, 'Weka hilo lililobaki, hawatajua.' Nikaweka. Dobi alipoingia pale mlangoni, watu walipiga kelele mpaka vumbi likatuangukia kutoka darini."

"Kesho yake si ungerekebisha?"

"Kesho yake foleni ilifika kwa fundi viatu. Watu wameleta mama zao waone Dobi anavyorudi. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Wiki kumi na moja! Kila siku neno likija, Tiketi anaweka mkono. Wiki ya tano wanawake wakaanza kupiga vigelegele gizani, hata harusi yenyewe sijaiweka. Mpaka leo sijui waliona nini."

Nilitaka kucheka. Nilishafungua mdomo.

"Siku namzika," akasema, "watu wote walinishika mkono wakaniambia hata Dobi alirudi. Wote. Na mimi peke yangu nikijua kwamba harudi, tulichanganya vifuniko tu. Sasa Jumamosi watajua na wao. Kila aliyefarijiwa kwa neno lile atajua alidanganywa, na aliyemdanganya ni Tiketi wangu na vikombe vyake vya chai. Yuko wapi ajitetee?"

Nikaufunga mdomo. Nikamwambia naweza kusema mafaili yameharibika. Akakataa. Kuficha miaka yote hiyo kumetosha, alisema. Atasimama mwenyewe aseme, kabla picha haijaanza.

"Lakini kosa ni langu, umenisikia? Habari ya chai hukuisikia."

Jumamosi mchana ukumbi wa shule ulijaa mpaka watu wakakalia madirisha. Jamani, laiti Bi Macho angetuona! Kulikuwa na walimu tisa wenye miwani isiyo na vioo. Kulikuwa na wauguzi, wajane, na makondakta wa treni wawili waliogombana nani mwenye kofia halisi. Kinyozi alikuja amevaa gauni la mama mkwe na kilemba, na alikataa kuitika kabisa mpaka umrudie mara tatu. Nesi aliingia na beseni la bati kichwani na gauni la buluu alilolishona mwenyewe, akazunguka ukumbi mzima kabla ya kukaa, watu wanampigia makofi. Tulikata keki ya mtu ambaye hayupo, tukamwimbia, tukaila. Nililia kidogo, sioni haya kusema.

Kisha tukafunga mapazia. Kinyozi akakaa kwenye kompyuta, kwa sababu ndiye anayeijua, na projekta ikawekwa juu ya meza. Mjomba akasimama mbele ya ile skrini nyeupe, shati limepigwa pasi kama karatasi, mikono nyuma.

Alisema yote. Makopo, namba, kifo na harusi. Chai hakuitaja. "Nilikosea mimi, fundi," akamaliza. "Dobi harudi. Niliwadanganya, na wengine wenu mliyatumia maneno hayo msibani. Naomba mnisamehe."

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, na nilikuwa tayari kumkwaruza mtu yeyote atakayemcheka.

Nesi akainuka. Akaliweka beseni chini taratibu.

"Umemaliza, Fundi?"

"Nimemaliza."

"Haya, sasa unisikilize mimi, maana niliiona mara nane. Ulidhani sisi vipofu? Neno MWISHO tulilisoma katikati ya vidole! Kubwa vile, herufi kama milango!"

Kicheko kilianzia kwa wazee wa mbele kikasambaa mpaka madirishani. Mjomba akawa anageuka huku na huku kama aliyepotea sokoni.

"Siku ya kwanza tulisema mtambo umeharibika," Nesi akaendelea. "Siku ya pili tulishampenda akirudi. Nani angepanda huko juu kukwambia urekebishe? Ili iweje? Tulijua kafa, Fundi. Na hao tuliowazika tulijua wamekufa. Lakini nyinyi mlimrudisha, mkatuonyesha inavyokuwa mtu akirudi. Nilipokushika mkono pale kaburini nilijua ninachosema."

"Mlijua," Mjomba akasema. Sauti ilikuwa ndogo mno.

"Na tena usijitwishe lisilo lako. Vidole vile vilikuwa vyembamba. Wewe vyako ni vinene, vimejaa makovu ya pasi. Tuliujua ni mkono wa nani."

Mjomba akautazama mkono wake.

"Wiki ya tano," Nesi akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu aliyekesha na wagonjwa wengi, "tunangoja giza kama kawaida. Mkono ukaja. Na kwenye kidole kuna kitu kimevimba hivi, kama punje ya mahindi. Kivuli chake kwenye skrini kikubwa kama kichwa cha mtu! Mlikuwa hamjamwambia hata mzazi. Ukumbi mzima tulijua Tiketi kavishwa pete kabla ya mama yake kujua. Tungeachaje kupiga vigelegele?"

Mjomba alitafuta kiti. Aliketi, akaweka viganja usoni, na mabega yakaanza kutikisika. Nilikimbia kumfikia nikidhani analia. Alikuwa anacheka. Alikuwa analia pia, lakini kicheko ndicho kilichokuwa kingi, kicheko ambacho sijakisikia tangu Tiketi alipokuwa hai.

"Haya, naweka," kinyozi akasema kutoka kwenye kompyuta. "Baada ya la nne natangulia na lipi, la tano au la sita?"

"Eee?" watu wakamjibu kwa sauti moja, viganja masikioni, na ilibidi tungoje ukumbi utulie upya.

Tuliiweka kama mji wetu unavyoijua. Kwa mara ya kwanza nilimwona Dobi kwa macho yangu. Nilimwona akisugua kola ya shati huku akiimba chinichini, akimtazama bintiye anayepita bila kumsalimu, na nikaelewa kwa nini Nesi hataki kubishana. Mwalimu wangu nimemwacha siku hiyohiyo. Dobi alipolaza kichwa kando ya beseni, ukumbi mzima ulikuwa unavuta kamasi.

Kinyozi angeweza kuikatisha kwa kidole kimoja kabla ya neno lile. Akamtazama Mjomba, akaiacha iende.

Mjomba aliinuka. Alikuwa ameketi kando ya projekta muda wote, kwa mazoea, kana kwamba mashine ile ndogo ingeweza kupata moto. Binti alikuwa anakamua shati la mwisho. Muziki ukapungua. Herufi za kwanza zilipoanza kutokea, akanyoosha mkono wake mnene mbele ya taa.

Kivuli kikaifunika skrini karibu yote, vidole vitano vyeusi vikizungukwa na mwanga, na kwenye kidole cha mwisho ule uvimbe wa jiwe, mkubwa kama kichwa cha mtu. Nesi ndiye aliyeanza. Vigelegele vikapokelewa kutoka viti vyote, kutoka madirishani, Dobi bado hajaingia mlangoni, na safari hii Mjomba alijua vinapigwa kwa nini.