Mzee na Tundu la Kinyonga

Mimi nimezaliwa Likoni na siogopi kitu. Simba akiniona hunipisha njia. Lakini juzi, kwenye hadiwea moja ya Miritini, mzee mmoja alifunua kikapu chake mbele yangu, nikajikuta nimesimama juu ya magunia ya saruji. Ndani mlikuwa na kinyonga.

Mwenye duka alirudi nyuma mpaka kwenye rafu za rangi. "Mzee wangu, mfunike huyo mdudu. Wataka nini?"

"Wavu wa dirisha na mbao nyembamba. Namtengezea tundu."

"Si uchukue waya wa kuku, ni imara."

"Utamng'oa kucha. Nataka wavu laini, hewa ipite, na ndani nimtilie matawi ya mpera. Huyu hanywi maji ya bakuli. Lazima umnyunyizie majani, alambe matone. Asubuhi na jioni niwepo."

Mwenye duka akampa wavu kwa mkono ulionyooka, kama anayemlisha mamba. "Wallahi mzee, ukimfuga huyo, hakuna atakayekanyaga kwako tena."

Mzee akaukunja wavu wake polepole. "Hata kabla yake walikuwa hawaji."

Nyinyi mnanijua, mimi nikipiga chafya Likoni, Changamwe nzima huja kunipa pole. Lakini hapo nilishuka kwenye magunia, nikamuuliza anakaa wapi, nipite nilione hilo tundu.

Akanielekeza mpaka rangi ya pazia la mlangoni. Alipomaliza, akaanza tena toka mwanzo.