Gari Yenye Ilikuwa Inacheka

Ee ninyi, nani kati yenu alishaona gari inacheka? Ninasema inacheka kweli, na meno inje, kama mutoto. Hakuna? Basi kaeni. Wewe sogea huko, unanifungia moto. Miye niliiona, na mwenye aliifundisha kucheka njo miye mwenyewe, na hii mikono, na bugali.

Ilikuwa wakati wa vita. Ile ya pili, juu mu ile ya kwanza tulikimbia tu, hakukuwa mambo ya kukaa na kushugulika na gari. Tulikuwa tunakaa Muhumba, pale mujini, mu kanyumba kadogo nyuma ya manyumba makubwa. Manyumba makubwa ile, benyewe balikuwa bamekimbia, na bakubwa ya basoda, bale ba jeshi, njo balikuwa banalala mule. Siye tulibaki mu kanyumba yetu na batoto, na kamiyoneti ya bwana yangu, kagari ka mizigo.

Bwana yangu alikuwa shofere. Mutu murefu, mwenye sauti ya kanisani, anasema "bonjour" mpaka kuku zinatoka inje. Kila siku ya soko alikuwa anashuka Nyangezi, anapandisha bamama na mihogo yabo, maharagi, makala, anabaleta mujini. Tulikula juu ya ile kazi. Soko ya Nyangezi ikilala, sawa njaa imeamuka kwetu.

Sasa shida ilianzia mu macho ya soda moja.

Ile gari, mafare yake ya zamani, taa yake ya mbele, ilikufa. Bwana yangu akapata ingine, ya lori kubwa yenye ilivunjikaka mu mulima. Akaifungia na waya. Yesu wangu! Ile taa haikuwa taa, ilikuwa jua ya saa sita. Ikikupiga, unasikia ata ulimi umekauka. Na ilikuwa haiwezi kuinama. Magari ingine shofere anagusa kitu, mwangaza inashuka chini. Yetu, hapana. Ni kuwaka yote, ama kuzima yote.

Na pa kuingilia mujini palikuwa bariyeri. Kamba, mafuko ya muchanga, na basoda nyuma yake. Ukifika pale jua imelala, giza inaanza, na taa imezimwa, banasema: huyu anajificha, ni adui, banapiga. Ukifika na taa inawaka vile yetu, bao habaone kitu, banaogopa, na soda mwenye anaogopa njo mubaya kuliko mwenye anakasirika.

Siku moja kakijana kamoja ka pale kakamusimamisha. Bwana yangu alinielezaka yote, na sauti ya ule soda.

"Weye muzee! Unatutia jua mu macho juu ya nini? Unataka adui batuone?"

"Pardon, mukubwa. Ni taa ya lori."

"Ya lori, ya ndege, miye sijue. Ukirudi tena na hii kitu, sitakuuliza jina. Nitapiga fasi mwangaza inatoka."

Akafika nyumbani, akakaa pa kiti, akanyamaza. Bwana yangu, kunyamaza! Batoto bakaniangalia. Nikamuuliza: "Uko mugonjwa?" Akasema: "Mama batoto, tutafute namna ya kutoa ile taa ukali. Bila vile, siku moja utaniona narudi mu bulangeti."

Njo vile tulianza.

Ya kwanza ilikuwa akili yake, na akili yake ilikuwa ya mutu mwenye hakuwahi kupika. Akasema magari ya mapadri ya zamani ilikuwa na taa ya manjano, haiumize macho ya mutu. Akaingia mu jikoni yangu, akachukua mafuta ya mawese, akapakaa mafare yote mbili, nene, sawa unapakaa mutoto mwenye surua. Kweli taa ikakuwa ya manjano. Muzuri! Tukapiga makofi.

Akaenda Nyangezi. Mu kurudi akawasha. Taa ikapata moto, na mawese ikaanza kuiva. Bamama nyuma balianza kuuliza, nani iko anapika majani ya sombe mu gari? Vumbi yote ya barabara ikashikana mu mafuta, na inzi, na vidudu vya jioni. Akifika pa bariyeri, gari inanuka jikoni ya harusi. Basoda balikuwa hawajakula.

"Muzee, toa chakula."

"Hakuna chakula, mukubwa. Ni mafare."

"Unatucheka? Mafare inanuka maharagi?"

Bakapekua gari mpaka chini ya viti. Bakakosa chungu. Bakachukua mihogo ya mama moja, na ule mama akamutukana bwana yangu, si basoda, mpaka mujini. Nilicheka siku ile mpaka nikashika ukuta. Yeye pia alicheka, lakini jicho yake haikucheka. Juu ule kakijana alimuambia mbele ya kumuacha: "Sikusahau, muzee. Ile taa ingali inapiga."

Ya pili njo ilikuwa akili yangu. Munajua vile tunapika na kuni? Mbele ya kuweka chungu pa moto, mwanamuke mwenye akili anapakaa majivu na maji inje, juu moshi isishike chungu yenyewe. Ukimaliza, unasugua kidogo, majivu inaenda na masizi yote, chungu inabaki safi. Mama yangu alinifundisha nikiwa kadogo, na masomo niliachia pa darasa la tatu, lakini ile sikusahau.

Nikamuambia: "Papa batoto, taa inaumiza mutu juu ya ile nusu ya juu. Tuivalishe moshi juu, chini tuache safi. Mwangaza itabaki ku barabara."

"Na moshi isishuke chini, utaiambia nini? Utaiomba?"

"Nitaizibia na bugali."

"Bugali!" Akaita batoto. "Kujeni musikie! Mama yenu anataka kulisha gari!"

Lakini asubui alifungua visi ya mafare na turnevisi yake, akatosha viyo vyote mbili, akaviosha na sabuni. Nilipika bugali ya muhogo, ngumu, ya kushikana. Nikaipanga pa nusu ya chini ya kiyo, upande wa ndani, juu mvua isitoe masizi. Kiyo ya kwanza, muzuri, laini sawa ukuta ya padri. Ya pili bugali ilikuwa inanichoma, nikakandamiza haraka na vidole. Halafu yeye akashika kiyo na kitambaa, miye nikawasha taa ya petroli bila chupa yake, moto inatoa moshi nyeusi, na tukaipitisha pale juu, polepole, polepole.

"Utaipasua, mwanamuke!"

"Shika, usitetemeke. Weye njo mwanaume hapa."

Ikipoa, tukabandua bugali. Kiyo ya kwanza: juu nyeusi, chini safi, musitari umenyooka. Ya pili, ya upande wa kushoto! Fasi nilikandamiza, bugali ilipanda katikati ya vidole vyangu, na kila fasi ilipanda, moshi haikushika. Ikabaki meno. Meno meupe yanatoka chini, na mapengo nyeusi katikati. Bwana yangu akataka turudilie. Batoto bakalia: "Apana, papa! Acha! Inacheka!" Akaangalia, akaangalia, akaifunga vile vile.

Jioni tukajaribu mu parseli, pale inje ya nyumba. Akasukuma gari mpaka mwisho, kule pa muti ya avoka, akaniambia: "Weye chuchumaa pa mulango. Fanya sawa weye njo soda."

Nikachukua mwiko, nikachuchumaa nyuma ya fuko ya makala. Gari ikakuja. Nikapiga kelele: "Simama! Weye njo nani?"

"Ni miye, mukubwa! Bwana ya mwanamuke moja mubaya sana!"

"Unabeba nini?"

"Nabeba bugali!"

Batoto bakaanguka chini na kucheka. Lakini miye, pale nilichuchumaa, kitu moja ilinigusa, na sikuisema. Mwangaza ililala chini, pa miguu yangu, sawa imbwa. Haikupanda mu macho. Na juu ya taa, nyuma ya kiyo ya mbele, nilimuona. Sura yake. Zamani, ile gari ikikuja, hukuwa unaona mutu, ilikuwa moto tu inakuja na hujue ni nani anaileta. Siku ile nilimuona bwana yangu mu giza na taa inawaka. Alikuwa anacheka sawa gari yake.

Pa bariyeri, basoda balifurahi. Ule kakijana alizunguka gari, akagusa kiyo, akasema: "Muzee, hii gari yako iko na mapengo." Tangu siku ile, akiiona mbali anafungua kamba. Ata majirani, batoto babo bakisikia muungurumo, banakimbia inje: "Gari inacheka imefika!" Na miye nilikuwa natayarisha bugali, naifunika na sahani, juu nilijua, nikiona yale meno pa kona, ni yeye. Roho yangu ilikaa fasi yake. Munaweza kufikiri? Mu vita, roho inakaa fasi yake juu ya masizi na bugali.

Basi. Hapa njo nilikuwa naogopa kufika.

Siku moja ya soko hakurudi. Giza ikaingia, hapana. Kesho yake, mama moja mwenye kuuza mihogo, mwenye alikuwaka mu gari, akafika kwangu na miguu imevimba. Nikamupa maji. Akaniambia: mbali na bariyeri, kule mu mulima, batu na bunduki balitoka mu majani. Si bale ya pa kamba, bengine. Balisema banataka gari ibapeleke mbele. Balishusha bamama bote. Shofere bakamuambia abaki.

"Aliwaambia nini?" nikauliza.

"Alitusaidia kushusha mafuko. Akasema, beba mihogo yenu, musiangalie nyuma. Halafu akaniita: we mama, ukifika mujini, umuambie mama batoto aniwekee bugali. Ninakuja."

Ninakuja. Njo neno yenye aliniachia.

Nikaweka bugali. Kila jioni nikaiweka, nikaifunika na sahani ileile, asubui nikaipa kuku. Bandugu yake balikuja kutoka Kalehe, bakakaa na siye, mukubwa yao akasema kwa heshima: "Mulamu, tufanye matanga. Siku zimepita." Nikakataa. Nitaliaje mutu mwenye alisema anakuja? Nani alimuona amelala? Bakasema ninachanganyikiwa. Mwengine akasema, ni kiburi. Miye nilikuwa nangojea meno.

Na meno ikakuja.

Ilikuwa jioni, mvua imetoka kuisha, barabara inangaa. Nikiwa jikoni, nikasikia batoto bangu bote: "Papa! Papa! Gari inacheka!" Niliacha mwiko mu chungu. Sikuvaa kandambili. Nikafika pa mulango wa parseli, na kweli, pa kona, taa ya kushoto, vidole vyangu mwenyewe, mapengo na meno, inakuja polepole juu ya mashimo. Nikainua mikono. Nikasema: "Nilibaambia! Nilibaambia!"

Gari ikakaribia. Mwangaza ikalala chini, pa miguu yangu, vile tuliitengeneza. Haikuniumiza macho. Ningependa siku ile iniumize macho. Ningependa inizibe yote mbili. Juu ya taa, nyuma ya kiyo, niliona sura.

Ilikuwa kijana mwenye sijue, na kofia ya soda. Pembeni yake mwengine anasinzia. Ule kijana aliniona nimesimama na mikono juu, na batoto bananishika pagne. Akapunguza mwendo. Akasema, na heshima kabisa: "Bonsoir, maman."

Nikajibu: "Bonsoir, papa."

Ungefanya nini? Akapita, akaingia pa nyumba moja kubwa kule mbele. Mutoto wangu wa mwisho akaniuliza: "Maman, papa alitelemuka wapi?"

Nikabarudisha ndani. Nikafunua sahani. Ile bugali ya bwana yangu, nikaikata, nikabagawia batoto, na miye nikala yangu. Ilikuwa ingali moto. Tulipomaliza, nikaosha sahani, nikafunga kitambaa pa kichwa, na kesho yake mapema nikatuma mutu Kalehe: muambie balamu bangu bakuje, tulie.

Tulilia bila mwili. Tuliweka pale katikati turnevisi yake na kofia yake, njo vitu vyenye vilibaki. Gari ile niliionaka tena mara kwa mara, ikipita. Niligeuza uso. Halafu basoda bale balienda, na yenyewe ikaenda nabo, sijue fasi gani. Sikupata kujua kaburi mpaka leo. Ule kijana, kama aliua ama alinunua, ama alipewa tu, sijue. Alinisalimia muzuri. Njo hiyo inanichoma.

Sasa munaelewa juu ya nini niligomba juzi. Mujukuu wangu, ule wa kike, mwenye anatumika mu biro, amejinunulia kagari. Kazuri, keupe, namupongeza. Lakini mafare yake! Ya kisasa, nyeupe, inapiga sawa umeme ya mvua. Akirudi jioni, inajaza dirisha yangu, na miye nasimama pale, mukono juu ya macho, sione mutu. Najua ni yeye. Nani mwengine? Lakini roho haijue. Roho inauliza: nyuma ya ile taa iko nani?

Nikamuambia: "Ile taa yako itatuua."

Akacheka: "Koko, ni taa ya muzuri! Iko ya bei!"

Njo nikamueleza, sawa vile nabaeleza ninyi. Bugali, meno, kijana wa kofia, sahani. Hakuwa alisikia, mama yake hapendi kuisema, juu yeye njo alikuwa ule mutoto wa mwisho. Alinyamaza sawa babu yake, kwa kiti ileile. Halafu akasimama, akaingia jikoni, akauliza: "Koko, bugali iliyobaki iko wapi?"

Nikamuambia, acha, gari ya kisasa kiyo yake haitoke na turnevisi. Akasema basi. Akakuja akachuchumaa mbele yangu, akashika hii mikono yangu yote mbili, akaniapia:

"Koko, kila siku nikifika pa kona, mbele ya mulango, nitazima ile ya mbele, nitawasha taa ya ndani, ndogo, na nitasimama. Sitaingia mpaka uone sura yangu."